Pua, Bega na Sahihi: Siku Moja ya Mchongaji wa Sanamu za Barabarani

Saa kumi na moja na nusu alfajiri huwa nimekwisha kufungua karakana yangu huku Kariobangi, si kwa kuwa naipenda baridi ya Nairobi, bali kwa kuwa udongo haungoji mtu. Sanamu niliyo nayo sasa ina urefu wa mita 2.7, na kila usiku huifunika kwa magunia yaliyoloweshwa, kisha nailoni juu yake. Magunia yakikauka, nyufa huanzia vidoleni na kupanda hadi viganjani. Kwa hiyo saa ya kwanza ya msanii mnayemwona magazetini kando ya mheshimiwa anayekata utepe hupita katika kubeba ndoo za maji.

Kuanzia saa moja hadi saa tatu, mimi na vijana wangu wawili tulikuwa kwenye mikunjo ya koti.

Kamati ilikuwa imeahidi kufika saa tatu. Ilifika saa tano kasoro robo, watu saba katika magari mawili, kuja kuidhinisha sura ya mwalimu aliyefungua shule ya kwanza mjini kwao. Mkataba wetu ni wa kawaida katika kazi hii: fungu la kwanza la fedha hutolewa baada ya kielelezo kidogo, la pili udongo ukiidhinishwa, la mwisho siku sanamu inaposimamishwa. Bila sahihi ya mwenyekiti, siwezi kununua nta wala shaba, na vijana wangu hawalipwi.

“Fundi,” mwenyekiti alianza kabla hata ya kuketi, “pua hii si ya mwalimu.”

Picha niliyopewa ni moja tu, ndogo, ya kitambulisho, iliyopigwa kutoka mbele. Kutoka kwayo hakuna anayeweza kujua pua ilitokeza kiasi gani. Nilieleza hayo kwa upole. Mjumbe wa pili akasema pua haina neno, tatizo ni midomo. Mwana wa marehemu hakujali pua wala midomo, ila alitaka viatu vya ngozi, kwa sababu baba yake hawezi kusimama katikati ya mji akiwa amevaa akala, ndara za matairi, ingawa ni yeye mwenyewe aliyenisimulia mwezi jana kwamba mzee alivaa akala hadi alipostaafu. Kisha akapigiwa simu ya video jamaa aliye Marekani. Mtandao ulikatika mara nne, na alipofaulu kuona, malalamiko yake yalikuwa kwamba mwalimu amefanywa mwekundu mno. Nikamweleza kwamba huo ni udongo. Akauliza nitaubadilisha lini.

Hapo ndipo nilipolazimika kueleza kazi yote upya: kwamba udongo huu hautasimama popote, kwamba utatolewa kalibu, yaani ganda linalonasa umbo lake, kalibu ipakwe nta ndani, nta ivikwe koti linalostahimili moto, iyeyushwe itoke, na shaba nyeusi imwagwe mahali pake ikiwa na joto la zaidi ya digrii 1,000, na kwamba mwishowe mwalimu atakuwa mtupu ndani, ngozi ya shaba yenye unene wa milimita chache. Mjumbe mmoja aliposikia “mtupu” alihisi wanaibiwa. Mwingine akapendekeza saruji, kwa kejeli, kama mtu anayetaja chakula cha mbwa. Nilimjibu kwamba Gregory Maloba, mzaliwa wa Mumias, aliijenga sanamu ya Uhuru ya Kampala kwa saruji mwaka 1962, na yule mama anayemwinua mtoto angali amesimama. Mbona sanamu ya Mzee Kenyatta pale jumba la mikutano la KICC ilipewa Mwingereza, James Butler, na sijapata kusikia kwamba kuna kamati iliyomuuliza kuhusu pua? Hilo la mwisho nililisema moyoni.

Sijidai kuwa juu ya lawama. Kila ninapopita barabara ya Kimathi husimama mbele ya kazi ya Kevin Oduor, iliyozinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, anyongwe. Wapita njia hutazama uso. Mimi hutazama namna mkono wa kulia ulivyoishika bunduki na wa kushoto kisu, kwa maana vidole vinavyoshika kitu kwa kweli ni kazi ya majuma, na hakuna anayevisifu.

Sahihi ilitiwa saa nane na nusu. Akala zilibaki.

Wakati wenzake wanaelekea magarini, dada wa marehemu, ajuza aliyekunywa chai muda wote bila kutoa neno, alinisogelea. “Mjukuu wangu,” alisema, “bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka. Alianguka kutoka kwenye mparachichi akiwa mdogo.”

“Limeshuka kiasi gani, nyanya?”

Akaweka vidole vitatu juu ya bega langu, akabonyeza.

Ningeweza kunyamaza, kwani karatasi ilikuwa mfukoni. Lakini bega si pua. Ndani yake mna kiunzi cha nondo, na likishuka, koti lote huning’inia kwa namna nyingine, pamoja na ile mikunjo ya asubuhi. Tulibandua udongo kifuani hadi chuma kikaonekana, tukakata nondo kwa grainda, tukaikunja, tukaichomelea upya. Sikumbuki tulikula saa ngapi. Mgongo uliniuma kuanzia kiunoni hadi shingoni, na kijana mmoja alilala akiwa ameketi juu ya ndoo.

Giza lilikuwa limeingia kitambo tokeni za umeme zilipokwisha. Tulirudisha udongo kwa mwanga wa tochi ya simu, nikapima kwa vidole vyangu vitatu, nikapima tena. Kisha tukalowesha magunia.