Mtungi wa lita tano hadi Got Alila

Mtungi niliununua Kisumu karibu na stendi, shilingi 150, ili nikaijaribu hadithi ya serikali kuhusu kifo cha waziri Robert Ouko. Ulikuwa wa manjano, wa lita 5, uliowahi kubeba mafuta ya kupikia. Mama aliyeniuzia alianza na 250. Nikamwonyesha kifuniko kilivyopasuka, akacheka, akashuka. Ajabu ni kwamba mtungi huohuo, mtupu, ulinigharimu tena ndani ya matatu. Nauli ya kufika Koru tulikubaliana 300, lakini tulipofika Awasi makanga akasema 350, kwa kuwa nina "mzigo". Mzigo wenyewe niliupakata. Watu kumi na tisa ndani ya gari la kumi na nne, magoti yakiwa kidevuni, halafu mtungi mtupu ndio unaolipishwa.

Baada ya Chemelil tulikaa nyuma ya trekta la miwa muda wa kutosha kuhesabu bua moja moja. Harufu ya molasi iliingia hadi kwenye nguo. Muhoroni ikapita, na saa tano kasorobo nikashuka Koru nikiwa na shati lililolowa na goti lililokufa ganzi.

Kwetu Mombasa, barazani baada ya isha, mtu akitaka kumkejeli mwenzake kwa uongo wa wazi humwambia: "Naam, na Ouko alijivunja mguu, akajipiga risasi, kisha akajichoma moto." Wote hucheka. Mzaha huu nimeusikia miaka mingi, ila mzaha hauthibitishi kitu. Nilitaka kuijaribu hadithi ya kwanza ya serikali kwa miguu na mikono, kwa umbali uleule na uzito wa kubeba. Mtungi ulikuwa wa kazi hiyo.

Hadithi yenyewe ni hii. Dkt. Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nje wa Kenya, alitoweka nyumbani kwake Koru usiku wa kuamkia tarehe 13 Februari 1990. Maiti ilitangazwa tarehe 16, chini ya kilima cha Got Alila, kama kilomita 2.8 kutoka nyumbani kwake. Ilikuwa imeungua sehemu, ina tundu la risasi moja kichwani, na mguu wa kulia umevunjika mahali pawili. Karibu yake palikuwa na bastola, risasi moja iliyokwisha kufyatuliwa, mtungi wa dizeli na kiberiti. Taarifa za mwanzo zikaelekeza kwamba alijiua.

Ukitaka kwenda, jua kwamba boda wa Koru ana bei mbili. Ya kwanza ni ya kukupeleka popote. Ya pili ni ya kukupeleka Got Alila. Niliyempata alisema mia. Nilipotaja kilima akazima pikipiki.

"Mkubwa, huko ni kwa Ouko. Huko ni mia tatu."

"Kilima kimesogea?"

"Hakijasogea. Lakini wewe umetoka mbali."

Alikuwa na haki, kwa namna yake. Tukapatana 200, anishushe kwenye njia ya marami jirani na boma la marehemu, nami niende kwa miguu, kisha aje kunichukua upande wa kilima. Bomani sikubisha hodi. Kaburi lake liko pale, ni nyumba ya watu, na sikuwa na shughuli nao. Dukani nilijaziwa maji kwa shilingi 20. Nilijaza lita 4 na kidogo tu, kwa sababu dizeli ni nyepesi kuliko maji: lita moja ina gramu kama 840, kwa hiyo lita 5 za dizeli ni kilo 4.2. Nilitaka uzito huo.

Kilomita ya kwanza ni rahisi na inakudanganya. Njia ni pana na miwa pande zote mbili inakupa kivuli. Baada ya hapo mkono wa mtungi unaanza kukata vidole. Ule mshikio ni mwembamba, na kila hatua mtungi unabembea na kugonga goti, hivyo unalazimika kuuinua kidogo kwa kukunja kiwiko, na msuli wa bega ndio unaolipa. Nilibadilisha mkono kila dakika tano, baadaye kila mbili. Kisha njia inakuwa kijia, kijia kinakuwa mawe na vichaka, na macho hayaondoki ardhini. Mara mbili kifundo cha mguu kilipinda nikakaribia kuanguka, na hapo ilikuwa mchana mweupe. Nilitumia dakika 51, pamoja na vituo vinne vya kupumzika.

Niseme la upande wa pili pia, kwa sababu wengi huwa hawalisemi. Wanaocheka barazani hudhani usiku ule ulikuwa giza la kaburi. Haukuwa. Tarehe 9 Februari 1990 mwezi ulipatwa wote, na mwezi haupatwi ila ukiwa mpevu. Kwa hiyo usiku wa tarehe 13, kama hapakuwa na mawingu, mwezi ulikuwa bado mkubwa, na kwenye saa tisa usiku ulikuwa karibu utosini. Mtu angeweza kuiona njia. Kwa mwanga huohuo mfanyakazi wa nyumbani, aliyeeleza kwamba aliamshwa na kishindo kama cha mlango yapata saa tisa, angeweza kuona gari jeupe likiondoka, kama alivyosema. Mwezi hauchagui upande. Ukimsaidia mtembea kwa miguu, unamsaidia na shahidi.

Chini ya kilima nilimkuta mzee mmoja na ng'ombe wanane na mbuzi kadhaa. Nikamwamkia shikamoo, akanitazama mtungi kabla ya kunitazama uso, kisha akacheka.

"Marahaba. Hiyo shikamoo imetoka pwani. Na maji umeyatoa pwani pia?"

Nikamweleza. Hakukasirika kama nilivyoogopa. Aliketi juu ya jiwe, akanionyesha nami jiwe langu, akataka kwanza kujua maji ni ya kunywa. Tukanywa. Ndiyo maana mtungi ulibaki nusu.

Kuhusu marehemu hakutaka kusema kitu. "Jaduong', hayo maneno hayana mwenyewe," aliniambia, yaani mzee kwa Kijaluo, ingawa mkubwa pale alikuwa yeye. Lakini kuhusu ng'ombe alizungumza kwa karibu saa nzima, na humo ndimo nilimojifunza. Alisema mchungaji hapiti njia, anapita malisho, na Februari, majani yakiwa machache, ng'ombe hukwangua kila kona hadi mguuni mwa kilima. Ng'ombe wakinusa damu hukusanyika, huparura udongo kwa kwato na kulia kwa sauti ambayo huisikii siku nyingine. Hata mtoto anayelala kivulini ataamka. Kwa hiyo kitu kikilala hapa, alisema, hakilali siku mbili bila kuonwa.

Hayo yanalingana na kumbukumbu za kesi. Mvulana mchungaji aliiona maiti saa saba mchana wa tarehe 13 ileile. Polisi walifika tarehe 16. Siku tatu maiti ya waziri ililala umbali ambao mimi, na magoti yangu haya, niliutembea chini ya saa moja, na ilhali watu wa karibu walikwisha kuiona. Hapo ndipo mimi hukwama kuliko kwenye risasi.

Siku tatu hizo zina hasara inayopimika. Mahali pa tukio husomwa mapema au hapasomeki. Nyayo kwenye vumbi hufutwa na kwato asubuhi ya kwanza. Alama za tairi kwenye majani makavu hupotea majani yakiinuka. Mafuta yaliyomwagika huzama na kuvukiza, na huwezi tena kusema yalimwagwa kutoka upande gani, na mtu aliyesimama au aliyelala. Ndiyo maana kamba huzungushwa eneo pana kwanza, watu wakaingia kwa njia moja tu, picha zikapigwa kabla ya kitu kuinuliwa, na udongo wa chini ya mwili ukachotwa na kufungwa ndani ya kopo la bati lisilopitisha hewa, maana mfuko wa kawaida wa plastiki huachia mvuke wa mafuta. Baada ya siku tatu za mifugo na wapita njia, hata mpelelezi bora anachambua mabaki.

Nilimwaga maji kidogo ardhini kuonyesha ninachosema kuhusu dizeli, mzee akanikataza, maji hayamwagwi bure. Basi nikaeleza kwa mdomo. Fundi yeyote wa gereji anajua: tupa njiti inayowaka ndani ya karai la dizeli baridi, njiti inazimika. Petroli hutoa mvuke unaoshika moto hata kwenye baridi kali. Dizeli inataka ipashwe moto kupita nyuzi 50 hivi ndipo mvuke wake ushike. Inawaka vizuri ikipata utambi, na nguo ni utambi. Hata hapo huanza polepole, kwa moshi mweusi mzito.

Sasa panga matukio. Akijipiga risasi kwanza, nani aliwasha kiberiti? Akiwasha kwanza, upole wa dizeli unampa sekunde za kuinua bastola kabla moto haujapanda. Hii ndiyo sura pekee ya hadithi ile inayoweza kusimama, nami niliipa nafasi yake njia nzima. Lakini mtu anayevuta pumzi katikati ya moshi wa dizeli huingiza masizi kooni na hewa ya sumu damuni, na daktari wa maiti huangalia huko kabla ya kuangalia ngozi. Tundu la risasi nalo halisomwi kwenye ngozi iliyoungua. Husomwa kwenye mfupa wa fuvu: inapoingia, tundu hupanuka kuelekea ndani, na inapotoka hupanuka kuelekea nje. Moto hauondoi hilo. Iain West, daktari wa maiti kutoka Hospitali ya Guy's, London, aliyekuja pamoja na kikosi cha mpelelezi John Troon wa Scotland Yard, polisi wa London, alifanya kazi ya namna hiyo, na kikosi kile kikahitimisha kwamba ni mauaji: alipigwa risasi kwanza, akachomwa baadaye. Mkuu wa madaktari wa maiti wa serikali, Jason Kaviti, ndiye aliyeendelea kushikilia kwamba Ouko alijiua.

Na mguu. Mfupa hupasuka kwa moto pia, lazima tukubali, lakini nyufa za moto hujikunja kufuata joto, ilhali uliovunjwa mtu akiwa hai huacha damu ndani ya nyama iliyouzunguka. Waliotofautisha wanajua. Mimi nilikuwa na swali dogo zaidi: ulivunjika wapi? Kama ni nyumbani, hakutembea kilomita 2.8. Kama ni njiani, hakuzimaliza. Inabaki aanguke mwishoni kabisa, hatua chache kabla ya mahali alipokusudia, avunjike mahali pawili, kisha bado akae atulie, amwage, awashe, alenge. Nilitazama yale mawe niliyojikwaa. Yanateguza kifundo.

Yaliyofuata nayapita upesi, kwa sababu hayakuzaa kitu. Tume ya Jaji Evans Gicheru iliundwa Oktoba 1990 na kuvunjwa na Rais Moi Novemba 1991 kabla haijamaliza. Nicholas Biwott, aliyekuwa Waziri wa Nishati, na Hezekiah Oyugi, aliyekuwa katibu mkuu katika Ofisi ya Rais, ambao Troon alishauri wachunguzwe zaidi, walikamatwa mwezi huohuo wakaachiliwa baada ya majuma mawili kwa kukosekana ushahidi. Jonah Anguka, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Nakuru, alishtakiwa. Jaji wa kwanza akafariki, kesi ikaanza upya, akaachiliwa huru 1994. Kamati ya Bunge ya Gor Sunguh iliundwa 2003, na ripoti yake ikakataliwa Bungeni 2010. Hadithi ya kiwanda cha molasi kule Kisumu, kwamba aliuawa kwa sababu ya ufisadi wa mradi huo, nayo siimezi nzima. Inaeleza kwa nini mtu angechukiwa, haielezi nani aliendesha gari jeupe.

Mzee alisikiliza hadi mwisho, akiwa amegeukia ng'ombe.

"Umechoka," akasema.

"Nimechoka, mzee."

"Na ulikuwa unatembea ukitaka kurudi."

Boda alikuja amechelewa dakika arobaini, akataka mia nyingine ya kusubiri, ingawa aliyesubiri nilikuwa mimi. Nikalipa. Jioni ile matatu ya Kisumu ilikuwa 400, eti gari la mwisho, na kiti changu kilikuwa ubao kati ya viti viwili. Niliifikiria baraza yetu, upepo wa bahari, kahawa chungu ya shilingi kumi, na wazee wanaocheka. Nitawaambia kwamba mwezi ulikuwapo. Najua hawatalipenda hilo, linauharibia mzaha nusu yake.

Mtungi nilimwachia mzee. Alikikagua kifuniko, akasema kimepasuka, akaniuliza niliununua bei gani. Nilipomwambia 150 alisikitika sana.