Wajukuu Wawili Wawili: Ninavyosafiri Nao Nikiwa Mstaafu wa Moshi

Nina wajukuu sita wanaotembea wenyewe na mmoja ambaye bado ni wa mgongoni. Wawili wanakaa Dar es Salaam, wawili Dodoma, na waliobaki wako Arusha. Likizo ya Juni ikikaribia, simu zinaanza. Kila mzazi anataka wanawe waje kwangu Kibosho, mlimani juu ya Moshi, waonje baridi, wanywe maziwa ya moto, na "Babu awatembeze." Sasa wakija wote kwa mpigo hakuna kutembea. Kuna kuhesabu vichwa, kuamua ugomvi na kutafuta kiatu cha mguu wa kushoto.

Kwa hiyo niliweka utaratibu tangu mwanzo. Wote wanakaribishwa nyumbani, wajae wanavyotaka, bibi yao hana neno. Lakini safari ya Babu ni ya watu watatu: mimi na wajukuu wawili. Na hao wawili si wa tumbo moja. Nachukua mmoja wa Dar na mmoja wa Dodoma, au mmoja wa Arusha na mmoja wa Dar, wanaokaribiana umri. Ndugu wa tumbo moja wakisafiri pamoja wanabeba ugomvi wa nyumbani kama ulivyo, nani alikaa dirishani mara ya mwisho, nani aliguswa na nani. Binamu wanaoonana mara moja kwa mwaka wanaanza na adabu. Adabu hiyo inadumu siku mbili hivi, na siku mbili zinanitosha.

Utaratibu huo haukupokelewa vizuri. Mkwe wangu wa Dodoma alinipigia, sauti ya upole kabisa ambayo mzee yeyote mwenye wakwe anaijua.

"Baba, shikamoo. Samahani Baba, mdogo wake Neema analia. Anasema Babu hampendi."

"Marahaba, Mama Neema. Mwambie zamu yake imeandikwa."

Na kweli imeandikwa. Kuna karatasi imebandikwa ukutani sebuleni, juu ya redio, yenye majina ya wote na likizo zao. Mtoto anaweza kubishana na babu, hawezi kubishana na karatasi. Mama Neema naye alipokuja Krismasi aliisoma yote akiwa amesimama, hakusema kitu, akaenda jikoni kusaidia kumenya ndizi. Nikajua yameisha.

Nizungumzie kwanza mambo ya makaratasi, kwa sababu wazee wengi tunayapuuza. Mtoto wa binti yangu ana ubini wa baba yake, si wangu. Njiani mtu mwenye mamlaka akiuliza huyu mtoto ni nani wako, jibu la "mjukuu wangu" halina ushahidi. Kwa hiyo kila mtoto anakuja na nakala ya cheti cha kuzaliwa, kadi ya bima ya afya, na barua fupi ya mzazi yenye namba ya simu. Cheti hicho kinasaidia pia kwenye lango la hifadhi, maana kiingilio hutegemea umri: aliye chini ya miaka 5 halipi, wa miaka 5 hadi 15 analipa kiwango cha mtoto. Dawa zangu za presha naziweka kwenye mfuko wa shati, si kwenye begi, maana begi huwa chini ya mabegi mengine pale unapolihitaji.

Watoto wa Dar huja na kaptula na kandambili. Juni Kibosho ukungu unaweza kukaa mpaka saa nne asubuhi, na mlima usiuone siku nzima. Tukishashuka Moshi mjini tunapita kwanza soko la Memorial, tunachagua masweta ya mitumba, kila mtu lake. Ni safari ndogo yenyewe, na wanaipenda kuliko nilivyotegemea.

Kuwafuata Dar nakwenda kwa basi, kurudi nao narudi kwa treni pale ratiba inapokubali. Basi lina haraka yake, sina ugomvi nalo, lakini ukiwa na mtoto wa miaka saba aliyekunywa soda Chalinze unaanza kumwomba kondakta kituo kabla hata hamjamaliza kukunja kona. "Vumilieni, tunachimba dawa mbele," anasema, na hiyo mbele haifiki. Treni ya abiria ya Dar na Moshi ilirudi Desemba 2019 baada ya kulala zaidi ya miaka 20, na mwaka uliofuata ikaendelea mpaka Arusha. Inatoka Dar mchana na kulala njiani. Nakata daraja la pili kulala. Choo kipo, mtoto anaweza kunyoosha miguu kwenye ujia, na mimi naweza kunyoosha magoti yangu, ambayo ndiyo yenye sauti kubwa kuliko wote katika msafara. Tatizo lake ni moja: haitoki kila siku, kwa hiyo uliza stesheni mapema kabla hujamwahidi mtoto.

Usiku wanauliza maswali ambayo mchana hawaulizi. Nani alijenga reli? Nikawaambia Wajerumani waliianza Tanga wakaifikisha Moshi kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, halafu Arusha ikaisubiri mpaka 1929, wakati Waingereza wameshashika nchi. "Kwa nini waliileta Moshi?" Nikasema kahawa na katani, mazao ya kupeleka bandarini. Mimi nimefanya kazi ya uhasibu kwenye ushirika wa kahawa miaka mingi, ningeweza kuendelea mpaka KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa Kilimanjaro, ilivyoanzishwa 1933, lakini nilipoangalia vitanda vya juu wote walikuwa wamelala, mmoja mguu nje.

Sheria yangu ya pili ni kwamba siku ya safari inafuatwa na siku ya nyumbani. Si kwa ajili yao, ni kwa ajili yangu. Siku ya nyumbani nawapeleka kwenye mfongo. Mifongo ni ile mifereji wazee wetu waliyochimba kuteremsha maji ya mlimani mpaka kwenye vihamba, yaani mashamba ya migomba na kahawa ya nyumbani, na wetu bado unafanya kazi. Kuna zamu ya maji na kuna kufungua kizuizi cha udongo na majani ya mgomba kwa jembe. Mjukuu wangu wa Dar alipewa jembe, akafungua, maji yakaja yote kwa pamoja, yakachukua kandambili yake ikaelea kuelekea kwa jirani. Akaikimbilia kati ya migomba, bibi yao anamshangilia kutoka mlangoni, "Kimbia, mume wangu, kimbia!" Kandambili ilinasa kwenye sale la mpakani. Nikapata nafasi ya kumwonyesha sale lenyewe, kwamba huo mmea ndio unaoonyesha mwisho wa kihamba chetu, na kwamba mtu akikukosea akaja na jani lake, huwezi kumkatalia msamaha kirahisi. Jioni alitoka na jani mkononi, kwenda kwa binamu yake aliyemwita "mtoto wa mjini." Nadhani alilielewa kinyume, maana aliyekosewa ni yeye. Sikumsahihisha.

Safari niliyoipangilia zaidi ya zote ni ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Watu wetu wakisikia hifadhi wanafikiria Serengeti, siku tatu njiani na fedha za mkopo. Hii ya Arusha iko karibu, unakatia Usa River, ukitoka Moshi alfajiri unaingia asubuhi na kurudi kulala kwako. Kwa raia, kiingilio kinalipwa kwa shilingi na hakitishi. Gharama iko kwenye gari. Nilikodi Prado ya zamani ya jirani, pamoja na jirani mwenyewe aendeshe, nikajaza mafuta. Kumbuka langoni hawapokei noti mkononi. Malipo ni kwa namba ya malipo kupitia simu au benki, kwa hiyo hakikisha salio liko kwenye simu kabla hujafika.

Siku hiyo nilikuwa na Neema wa Dodoma, miaka kumi, na binamu yake wa Arusha, miaka tisa, ambaye anaishi karibu kabisa na hifadhi na hakuwahi kuingia. Neema nilimpa daftari na kalamu, nikamfanya mhasibu wa safari. Fedha zote za matumizi madogo zilikuwa kwake kwenye pochi ya kamba shingoni. Tangu hapo hakuna mtoto aliyeniomba kitu mimi, maombi yote yalikwenda kwa mhasibu, na mhasibu alikuwa na roho ngumu kuliko mabosi wangu wote. Usa River niliomba kikombe cha kahawa. Akafungua daftari. "Babu, chai tumeshakunywa nyumbani. Kahawa haimo." Dereva alicheka mpaka akasimamisha gari. Nikakunywa maji.

Ukipita lango unafika kwenye uwanda wa majani wanaouita Serengeti Ndogo. Twiga, pundamilia na nyati walikuwepo asubuhi hiyo, karibu na barabara. Wa Arusha akauliza simba wako wapi. Hapa hakuna simba, na watu wanaruhusiwa kutembea kwa miguu wakiwa na askari mwenye bunduki. Sisi hatukutembea, magoti yalipiga kura ya hapana. Tulipanda msituni kuelekea Ngurdoto, na huko ndiko nilikotaka wafike.

Mbega alikuwa amekaa kwenye tawi la chini, mweusi, nywele nyeupe zimemshuka mabegani na mkia mweupe ukining'inia karibu na paa la gari. Dereva akazima injini. Mbega anavuta kitawi, anachambua jani moja moja, anatafuna taratibu kwa uso wa mtu aliyesikia mengi, kisha anadondosha kikonyo. Kimoja kiliangukia kwenye kioo cha mbele. Wale wawili hawakusema neno kwa muda ambao sijawahi kuupata nikiwaomba nyamaza. Halafu Neema akauliza kwa kunong'ona kama ndiye yule wa ngozi waliyokuwa wakivaa wacheza ngoma wa zamani. Ndiye. "Sasa ni marufuku?" Marufuku kabisa. Akaandika kwenye daftari, sijui upande wa mapato au wa matumizi.

Ukingoni mwa kreta ya Ngurdoto unatazama tu chini, kushuka hairuhusiwi, na kwa babu hiyo ni sheria nzuri sana. Kwenye maziwa ya Momella tulikuta heroe wengi, wale ndege wa waridi wanaoitwa flamingo. Maji ya pale yana magadi, na rangi yao inatokana na chakula wanachookota humo. Wingu la Mlima Meru lilifunguka kidogo. Nikawaambia Meru ni mita 4,566, na Kilimanjaro ni 5,895. Neema akatoa hesabu palepale: tofauti ni 1,329. Wa Arusha akasema Meru ni mzuri zaidi hata hivyo. Nikaona nisiingilie, Moshi na Arusha wana ubishi wao wa siku nyingi.

Saa nane mchana tulikuwa tumeshatoka. Kila safari ninayopanga inaisha saa hizo. Baada ya hapo mtoto anaanza kununa na mzee anaanza kujikuna miguu, na hakuna mnyama atakayewafurahisha.

Arusha mjini nina machache ya kusema. Boma la Mjerumani la mwaka 1900, ambalo sasa ni makumbusho ya elimu viumbe, na makumbusho ya Azimio la Arusha si mbali nalo, vyote unavimaliza asubuhi moja. Azimio lilipotangazwa 1967 nilikuwa shuleni. Wajukuu hawakushtushwa na ujamaa wala mabenki kutaifishwa. Kilichowashtua ni kwamba Mwalimu Nyerere, mwaka ule ule, alitembea kwa miguu kutoka Butiama mpaka Mwanza. "Rais? Kwa miguu? Gari lilikuwa limeharibika?"

Chemka napeleka wakubwa tu. Ni chemchemi upande wa Hai, unapitia Boma Ng'ombe na barabara yake ni ya vumbi. Maji ni vuguvugu na maangavu mno, na uangavu huo ndio hatari: mtoto anaona mawe ya chini anadhani kina ni cha magotini. Kila mmoja lazima akodi boya, awe anajua kuogelea au hajui, na tunakwenda katikati ya wiki kwa sababu Jumamosi pamejaa na huwezi kuona kichwa cha wako ni kipi. Mimi nakaa kwenye mzizi wa mti, miguu majini, visamaki vinakuja kudonoa visigino. Kwa mtu wa umri wangu ni tiba ya bure, ingawa bibi yao anasema visamaki vile vina subira kubwa.

Fedha nilikubaliana na watoto wangu hivi: wao nauli na bima, mimi matembezi, kutoka kwenye pensheni, kiasi ninachotenga kila mwezi kwenye akaunti ya peke yake. Mzazi akitaka kuongeza anaongeza kwa wote, hakuna kumtumia mwanawe fedha ya pembeni. Mmoja alijaribu. Mhasibu alizikuta, akazigawa kwa mbili.

Desemba sipangi safari yoyote. Mabasi yamejaa, kila Mchaga anarudi nyumbani, na gari la kukodi bei yake haisemeki. Likizo ya Juni ijayo zamu ni ya mdogo wake Neema na wa Dar mwenye kandambili. Wameshaelewana kwa simu na kuniletea orodha. Ya kwanza ni Ziwa Chala kule Rombo. Nimewajibu kwamba kule tutatazama kutoka juu, tutakula mayai ya kuchemsha, tutarudi. Kuogelea hapana, na wasimpigie bibi yao kukata rufaa.