Spika ndefu abaki nazo shemeji, mimi nina mita 3.6

Sebule ninayopanga hapa Tegeta ina upana wa mita 3.6 na urefu wa mita 4.5. Kuta ni tofali za saruji zilizopigwa lipu, chini vigae, juu jipsamu, madirisha ya alumini. Naanza na vipimo kwa makusudi, maana kila aliyenishauri kuhusu spika alianza na ukubwa wa boksi au wati zilizoandikwa kwenye katoni, wala hakuna aliyeuliza chumba kikoje. Shemeji ndiye alikuwa kinara wao. Ana jozi ya spika ndefu, zile za kusimama sakafuni, zinamfika juu ya kiuno, na kwake mwenye spika fupi za kuweka kwenye stendi bado anacheza.

Za kwake ni nzuri, sibishi. Lakini anakaa Goba, kwenye nyumba ambayo sebule, meza ya kulia na ngazi ni eneo moja na dari liko juu. Pale spika fupi ingehangaika. Halafu yeye sinema anaangalia mara mojamoja. Anachopenda ni dansi la zamani, zile rekodi za studio za Radio Tanzania Dar es Salaam. Uzi mnene kuliko wote kwenye gitaa la besi, ukipigwa wazi, unatoa Hz 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde; namba ikishuka, besi inazidi kuwa nzito. Spika ndefu nzuri inafika huko yenyewe bila msaada, na yeye hana haja ya kununua kingine chochote. Kwa mtu wa namna hiyo mjadala umekwisha, achukue ndefu.

Mimi na mke wangu tunaangalia sinema, na tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, karibu kila usiku. Sinema ina kitu ambacho dansi halina: njia ya sauti ya peke yake kwa ajili ya mingurumo, ile inayoandikwa .1 kwenye 5.1 (mfumo wa spika tano na boksi moja la besi). Mlipuko au injini ya meli inashuka hadi Hz 30, wakati mwingine 20. Huko hata spika ndefu nyingi za bei ya kati hazifiki. Kwa hiyo mtu wa sinema sabufa atainunua tu, awe na ndefu au fupi. (Nasema lile boksi la besi peke yake lenye amplifaya ndani, si ile seti ya Kariakoo yenye redio na taa za kumetameta.)

Ukishaichomeka, amplifaya inakutaka uchague ni kuanzia wapi besi iende kwenye sabufa. Kiwango kilichozoeleka ni Hz 80, kwa sababu chini ya hapo sikio hupata tabu kujua sauti inatoka upande gani. Sasa fikiria: umelipia boksi refu na koni ya ziada ili upate besi, halafu besi yenyewe umeikata na kuipeleka kwingine. Kwenye familia moja ya spika, yaani toleo moja la kampuni moja, mara nyingi ndefu na fupi zina twita ileile (kile kispika kidogo cha sauti nyembamba) na koni zilezile. Ndefu imeongezewa koni ya pili na nafasi ya hewa ndani. Sisemi nyongeza hiyo ni bure. Spika ndefu inaweza kutoa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 au 4 zaidi kwa umeme uleule, na desibeli 3 ni sawa na kuwa na amplifaya yenye nguvu mara mbili. Kwa shemeji hiyo ni faida kubwa. Mimi nakaa mita 2 na nusu kutoka kwenye TV, na jirani dirisha lake liko ng'ambo ya uchochoro. Hizo desibeli ningezipeleka wapi?

Lakini kilichonifanya niamue kabisa ni kuta. Mawimbi ya besi ni marefu. Kwa joto letu hili sauti inakwenda karibu mita 350 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la Hz 80 lina mita 4 na ushee, karibu urefu wa sebule yangu yote. Likigonga saruji linarudi na kukutana na lile linalokuja. Chukua 350, gawanya kwa urefu wa chumba uliozidishwa mara mbili: kwangu inakuja Hz 39 kwa urefu na Hz 49 kwa upana. Milio hiyo inavimba karibu na kuta na kufifia katikati ya chumba, hata ununue spika ya bei gani. Ndiyo maana mtu anakaa katikati na kulalamika hakuna besi, wakati aliyeegemea ukuta wa nyuma anasikia kifua kinatetemeka. Jipsamu nayo inajibu kwa namna yake: taa moja ya darini kwangu inazizima kwenye mlio mmoja tu, nimeikandamizia kipande cha sponji.

Spika za mbele zina mahali pake pa lazima, kulia na kushoto kwa TV, twita ikilingana na sikio la aliyekaa. Besi nayo ina mahali pake, na ni nadra pakawa palepale. Spika ndefu imezifunga hizo mbili kwenye boksi moja. Ukiisogeza ili besi ikae sawa, mazungumzo yanapinda. Fupi na sabufa kila kimoja kinakwenda kinakotakiwa.

Njia ya kutafuta mahali pa sabufa ina aibu kidogo. Unaiweka juu ya kochi, palepale unapokaa, unapiga wimbo wenye besi inayojirudia, kisha unatambaa sakafuni ukisikiliza, kona hadi kona. Pale besi inaposikika imenyooka, bila kuvimba wala kupotea, ndipo itakapokaa. Mama mkwe aliingia nikiwa nimepiga magoti, sikio kwenye kabati la vyombo. Nikamwamkia shikamoo kutoka hukohuko chini. Akaitikia marahaba, kisha akamuuliza binti yake nimepoteza nini. Mahali palipatikana: kando ya kabati hilohilo, hatua mbili kutoka mlango wa korido. Singepafikiria.

Spika zenyewe alikuja nazo kaka kutoka Muscat, kwenye sanduku la nguo, kila moja kilo 6. Jozi ya ndefu isingepanda ndege kwa mtindo huo. Na spika isiyo na amplifaya ndani haijali volti. Sabufa inajali: ya Oman inaingia kwenye soketi zetu bila tatizo, lakini ya Marekani imetengenezewa volti 120, ukiichomeka kwenye 230 bila transfoma unaiunguza.

Ukinunua mtumba, toa kitambaa cha mbele uangalie ule mzunguko unaoshika koni pembezoni. Kama ni sponji, ubonyeze taratibu kwa kidole. Joto na unyevu wa pwani vinaila sponji mpaka inamomonyoka kama keki kavu. Mpira unadumu zaidi. Nimeona ndefu za kupendeza kabisa Kariakoo, mbao inang'aa, na sponji ya koni zote imekwisha. Fundi anaweza kuweka nyingine, lakini hesabu gharama hiyo kabla ya kukubaliana bei.

Stendi nilichongesha kwa fundi wa kuchomelea, bomba la mraba, sentimita 65, likajazwa mchanga mkavu ili lisilie. Chini ya kila spika kuna vipande vinne vya soli ya kandambili. Mtoto wetu wa miaka miwili aliwahi kuning'inia kwenye moja, haikutikisika. Ila vidole vyake vinapenda sana lile kuba la katikati ya koni, kwa hiyo kitambaa cha mbele sikitoi.

Kama mfuko hauruhusu vyote kwa pamoja, mimi ningeanza na jozi fupi na amplifaya yenye tundu la sabufa. Kisha spika ya kati, ile inayokaa kati ya hizo mbili, ya familia ileile, kwa sababu kwenye sinema maneno mengi yanatoka hapo. Mke wangu aliacha kuongeza sauti na kuipunguza kila dakika tangu siku ilipofika. Sabufa ije baadaye. Mpaka ije, spika fupi zisogeze karibu zaidi na ukuta wa nyuma, utapata besi kidogo ya bure. Kama tundu la hewa liko nyuma ya boksi, acha angalau kiganja cha mkono.

Spika za nyuma bado. Waya wake lazima upite juu ya mlango, na mwenye nyumba amekataa jipsamu yake isitobolewe.