Kitambaa cha dola 19

Oktoba 2021 nilikuwa kijiweni, kwenye benchi la fundi cherehani wetu. Nikawasomea habari kutoka kwenye simu: Apple wameanza kuuza kitambaa cha kupangusia kioo, dola 19. Zaidi ya shilingi 40,000 za kwetu, kitambaa kitupu!

Muuza kahawa akaacha kugonganisha vikombe. "Hicho ni cha laini mbili?"

Nikaendelea: kuna na orodha ya vifaa vinavyopanguswa nacho, mpaka iPod. Dogo mmoja akaitoa Tecno yake mfukoni, kioo kina nyufa kama ramani. "Kwa hiyo hii nikiipangusa nacho itaungua?"

Fundi, ambaye kwa kawaida hacheki na mtu, alikuwa ameinama chini ya cherehani anaokota vipande vya vitenge. Anavihesabu taratibu, midomo inacheza. Akainuka. "Hapa nina kama milioni mbili. Naomba namba zao."

Mimi nikapigilia msumari: vimegombaniwa, wateja wanaambiwa wasubiri wiki kadhaa. Hapo hakuna aliyecheka, kila mtu akawa anaangalia vitambaa.

Mpaka leo nikipita, fundi ananiita, "Bosi, ule mzigo wa Marekani vipi?"