Beringi ya mia chache, mashine nzima jalalani

Mara nyingi najua ugonjwa wa mashine ya kufulia kabla sijavua viatu mlangoni. Mwenye nyumba huwa ameiwasha ili nijisikilizie mwenyewe, na ikifika kwenye kukamua inaanza kunguruma, sakafu inatetemeka, na mtoto anakimbilia chumbani. "Fundi, inalia kama ndege inayopaa uwanja wa Wilson," wananiambia. Hiyo ni beringi, ile pete ya chuma yenye gololi ndani inayoliwezesha pipa kuzunguka. Na kabla sijashika bisibisi najua swali litakaloamua kama mashine itapona: je, pipa lake linafunguka?

Nilianza kazi hii wakati mashine za kufulia zilikuwa kitu cha mitaa ya matajiri hapa Nairobi, Lavington na Runda. Sasa nazikuta Umoja ghorofa ya tano, Kasarani, South B, kwenye nyumba ambapo familia ilitegea zamu yake ya chama ndipo ikanunua, au inalipa mdogo mdogo kila mwezi. Ndiyo maana jambo hili linaniuma. Kwa mtu aliyenunua hivyo, mashine kufa mapema si usumbufu mdogo. Ni karo, ni kodi ya nyumba.

Nieleze kinachoharibika. Nyuma ya lile pipa la chuma unalotia nguo kuna shafti fupi, na shafti hiyo inazungukia ndani ya beringi mbili. Mbele ya beringi kuna sili ya mpira inayozuia maji. Miaka ikipita mpira unachakaa, maji ya sabuni yanapenya, grisi inaoshwa, gololi zinashika kutu. Simlaumu mtengenezaji yeyote kwa hilo. Mpira ni mpira, utachakaa tu. Ninachomlaumu ni kile alichokifanya ili nisiweze kuifikia beringi siku hiyo ikifika.

Mashine za zamani, pipa la nje, lile linaloshika maji na kulizunguka pipa la chuma, lilikuwa na vipande viwili vilivyoshikwa na skrubu au klipu, katikati kuna gasketi. Unafungua, unagonga beringi ya zamani inatoka, unaweka mpya na sili mpya, unafunga. Asubuhi umeanza, mchana mwenyewe anaanika nguo. Beringi yenyewe haina siri yoyote. Namba imechongwa ukingoni, 6205, 6206, na ni namba za dunia nzima. 6205 ina tundu la milimita 25, upana wa nje milimita 52, unene milimita 15, iwe imetengenezwa Japani au China. Nainunua Kirinyaga Road kwa shilingi mia chache, kwa muuzaji ambaye hana haja ya kujua kama naipeleka kwenye mashine ya nguo, pampu ya kisima au mota ya posho mili.

Sasa mashine nyingi za kufungulia mbele zinazouzwa humu mjini, vile vipande viwili vya plastiki vimeyeyushwa kingo na kugandishwa kiwandani vikawa kimoja. Hakuna skrubu, hakuna klipu. Kiwandani inaokoa muda na gasketi, na pipa halivuji. Nyumbani kwako maana yake ni kwamba beringi haibadilishwi. Kitabu cha spea kinasema ubadilishe pipa zima, la nje, la ndani, shafti na vyote. Ukijumlisha bei ya pipa, usafiri na ufundi, unakuta umekaribia bei ya mashine mpya, na hapo ni kama pipa la modeli yako bado lipo.

Majuzi nilikuwa Donholm kwa mwalimu mstaafu. Waranti ilikuwa imeisha muda mfupi tu uliopita. Nikamwonyesha michirizi ya kutu nyuma ya pipa, nikamwekea kiganjani beringi mpya niliyokuwa nayo kwenye mkoba.

"Mwalimu, kinachohitajika ni hiki, viwili, na sili. Ila pipa limefungwa kiwandani."

Akaigeuzageuza. "Yaani nitupe mashine nzima kwa sababu ya kidude hiki?"

Hatukuitupa. Tuliikata.

Ukataji wenyewe ni hivi. Unatoa lile jiwe la zege linaloipa mashine uzito, mota, mkanda, springi, unalaza pipa juu ya katoni. Kabla msumeno haujagusa plastiki, unatoboa matundu kuzunguka ule mshono, vidole vitatu vitatu, kupita pande zote mbili, kwa sababu ndiyo yatakayokuongoza wakati wa kurudisha vipande mahali pake na kupitisha bolti. Kisha wembe wa msumeno wa chuma, polepole, juu ya mshono wenyewe, mzunguko mzima. Mkono unachoka na vumbi la plastiki linaingia puani. Likiachana unakuta utelezi wa kijivu wa sabuni, sarafu, waya za sidiria, na ule mguu wa aluminiamu wenye pembe tatu unaoshika pipa la chuma, mafundi tunauita spaida. Hapo ndipo pa kuangalia kwa makini. Aluminiamu imeunganishwa na chuma cha pua, zote zinakaa kwenye maji ya sabuni, na aluminiamu ndiyo inayoliwa. Ukiona unga mweupe na mashimo, kwaruza kwa bisibisi. Ikimomonyoka, hakuna haja ya kuendelea. Ya Mwalimu ilikuwa bado ngumu. Nikagonga beringi za zamani, moja ikaniachia gololi sakafuni na pete ikabaki imeng'ang'ania. Beringi mpya, sili mpya, grisi isiyooshwa na maji, silikoni kwenye kingo, bolti moja moja kwa mpangilio wa msalaba ili isikae upande. Ikalala kavu hadi kesho yake ndipo tukatia maji.

Inafanya kazi. Ila si kila fundi atakubali kazi hiyo, na ambaye hajazoea atapasua pipa. Kwa nini ukarabati wa kitu cha kawaida kabisa utegemee msumeno?

Kuna na jambo la uzito ambalo halisemwi dukani. Umbo la mashine halijabadilika sana, upana ni sentimita 60 zile zile, lakini zamani ilibeba kilo tano na leo imeandikwa nane, tisa, hata kumi, tena inakamua kwa mizunguko 1,400 kwa dakika. Mzigo umeongezeka na wakati huo huo mlango wa kumfikia anayeubeba umefungwa.

Bodi, ile sahani ya vijenzi vya umeme inayoiongoza mashine, ni kesi nyingine. Stima ya hapa tunaijua. Inakatika, inarudi kwa kishindo, na kinachopigwa kwanza ni sehemu ya bodi inayopokea umeme. Mara nyingi kilichokufa ni kivarista, kijenzi kidogo cha bei ya chai kinachopokea kishindo cha umeme, ambacho kimejitoa mhanga kama kilivyoundwa, au aisi (chipu) ya kushusha umeme iliyo karibu yake. Lakini bodi imemwagiwa rezini yote. Naelewa sababu, unyevu ni adui, sipingi hilo. Basi wangeacha hata ile kona ya umeme wazi, au wauze bodi kwa bei ya maana. Na kuna bodi ambazo ukizipata mpya haziwashi kitu mpaka ziwekewe programu ya modeli yako, na kifaa cha kuiweka kiko kwa wakala peke yake. Kwa hiyo weka kilinda umeme kinachochelewesha stima inaporudi. Ni pesa kidogo sana.

Halafu ile stika ya dhahabu, "waranti miaka 10". Isome yote. Kwa kawaida ni ya mota tu. Na mota za kisasa zisizo na brashi kweli ni imara, nazisifu bila kusita. Nimefungua mashine zilizokwisha kabisa, mota yake ingeendelea miaka mingine mingi. Wamekupa ahadi ndefu kwenye kile ambacho hakingekufa. Beringi, sili, bodi na pampu zina mwaka mmoja au miwili.

Sitaki mtu adhani nawasifia wazee tu. Mashine mpya inatumia maji machache kuliko zile za zamani, na katika mji unaopata maji kwa mgao hilo si dogo. (Ukiwa ghorofa ya juu kabisa na tangi liko paani, tatizo lako huenda si mashine hata kidogo. Tangi lililo mita mbili juu yako linakupa presha ya takriban 0.2 bar, na mashine nyingi zinataka zaidi ya hapo. Weka pampu ndogo, usafishe na kichujio cha mahali mpira wa maji unapoingilia, kinajaa mchanga.) Lakini pipa la skrubu halitumii maji zaidi ya pipa la kuyeyushwa. Hayo mawili hayahusiani.

Ulaya wameanza kulishughulikia. Tangu Machi 2021 Umoja wa Ulaya unawataka watengenezaji wawe na spea za mashine za kufulia kwa miaka 10 baada ya modeli kuacha kuletwa sokoni, na zimfikie fundi ndani ya siku 15 za kazi. Ni hatua kubwa. Hata hivyo, kwenye orodha ya spea, pipa, spaida na beringi vinaruhusiwa kuuzwa kila kimoja peke yake au vyote pamoja. Hayo maneno "au vyote pamoja" ndiyo yanayolibakiza pipa la kuyeyushwa halali.

Sisi tuna pa kuanzia. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na haki ya habari anazohitaji ili anufaike nazo. Sheria ya usimamizi endelevu wa taka ya 2022 inamtwika mzalishaji wajibu wa bidhaa yake hata ikishakuwa taka. Ningependa vifungu hivyo vifike kwenye kadi ya bei dukani, kwa mstari mmoja tu: pipa linafunguka, au halifunguki. Mama anayelipa mdogo mdogo ana haki ya kuujua mstari huo kabla hajatoa deposi.

Kwa sasa jiulizie mwenyewe. Mwambie muuzaji akutafutie mchoro wa spea wa modeli hiyo, kisha utafute beringi. Ikiwa ina namba yake ya spea, peke yake, pipa linafunguka. Ikiwa haionekani popote isipokuwa ndani ya pipa zima, nunua nyingine. Ile ya kufungulia juu yenye mapipa mawili, moja la kufulia na moja la kukamulia, watu wanaidharau, lakini hiyo natengeneza karibu kila kitu chake kwa spana na bisibisi.

Na wewe ambaye yako imeanza kunguruma wiki hii: fungua mlango, shika pipa kwa juu kwa ndani, linyanyue. Likicheza, au ukilizungusha kwa mkono ukasikia mkwaruzo, beringi imekwenda. Punguza kasi ya kukamua hadi 600, fua nguo chache kwa mara moja, na umwite fundi mapema. Beringi iliyokufa ikiachwa izunguke inaila shafti na kile kikombe inamokaa, na hapo hata tukikata pipa hatutakuwa na mahali pa kuweka mpya.