Mafuta ya samaki: piga hesabu ya gramu, kisha unuse kidonge

Ile namba kubwa iliyo mbele ya chupa, "1000 mg", ni uzito wa mafuta yote yaliyomo ndani ya kidonge kimoja. Haikuambii lolote kuhusu kile unachokifuata dukani. Unachokifuata ni mafuta ya omega-3 ya aina mbili, EPA na DHA, na viwango vyake vimeandikwa nyuma kwa herufi ndogo. Mafuta ya kawaida yanayokamuliwa kwa anchoveta, samaki wadogo wanaovuliwa pwani ya Peru, huwa na EPA kama asilimia 18 na DHA kama asilimia 12. Kwa hiyo kidonge cha miligramu 1000 kina EPA 180 na DHA 120, jumla 300. Miligramu 700 zilizobaki ni mafuta mengine tu ya samaki. Hayadhuru, lakini siyo yaliyokutoa nyumbani.

Geuza chupa, tafuta EPA na DHA, zijumlishe. Ukiona "jumla ya omega-3" bila mgawanyo, irudishe, kwa sababu jumla hiyo inaweza kubeba omega-3 nyingine, hata ile ya mbegu za kitani ambayo mwili hubadilisha sehemu ndogo tu yake kuwa EPA na DHA. Halafu soma mstari wa "serving size". Hapa ndipo wengi wanapopotea. Chupa inaweza kutangaza miligramu 900, kumbe hizo ni za vidonge vitatu kwa mpigo. Gawa kwanza upate cha kidonge kimoja, ndipo uanze kulinganisha bei.

Hesabu yenyewe ni fupi. Tuseme chupa ya kwanza ina vidonge 60, kila kimoja kina miligramu 300 za EPA na DHA, bei shilingi 30,000. Ndani yake mna gramu 18, kwa hiyo kila gramu inakugharimu kama shilingi 1,670. Chupa ya pili ina vidonge 60 pia, kila kimoja miligramu 600, bei shilingi 48,000. Hapo mna gramu 36, na gramu moja ni kama shilingi 1,330. Ile iliyoonekana ghali ndiyo rahisi, na vidonge vya kumeza kila siku vinapungua nusu. Usikubali kulinganisha chupa kwa chupa wala kidonge kwa kidonge. Linganisha gramu kwa gramu.

Kipimo kingine kizuri ni kopo dogo la sadini. Nyama yake, ukiondoa mafuta au mchuzi, hukupa karibu gramu moja ya EPA na DHA, sawa na vidonge vitatu au zaidi vya kawaida, pamoja na protini na kalisi ya ile mifupa laini. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya inaona miligramu 250 kwa siku zinamtosha mtu mzima mwenye afya. Anayekula samaki wenye mafuta mara mbili kwa wiki huenda ameshafika. Hizo gramu 2 hadi 4 kwa siku zinazotajwa kwa watu wenye trigliseridi (aina ya mafuta) nyingi kwenye damu ni dozi ya kupangiwa na daktari, kwani dozi kubwa huongeza uwezekano wa moyo kupiga bila mpangilio. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda naye amuulize daktari kabla ya kununua.

Sasa ubora, ambao naupa uzito kuliko bei. Omega-3 huharibika upesi kwa sababu hunasa oksijeni kwa urahisi, na joto na mwanga huharakisha kazi hiyo. Maabara hupima kwa hatua mbili. Kipimo cha peroksaidi huonyesha uharibifu unaoanza, na kiwango chake cha juu ni 5. Kipimo cha anisidini huonyesha uharibifu uliokwisha kupita, na mwisho wake ni 20. Ukizidisha peroksaidi kwa mbili na kuongeza anisidini unapata namba iitwayo TOTOX, ambayo isizidi 26. Viwango hivyo vimo katika kanuni ya mwaka 2017 kuhusu mafuta ya samaki ya Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula. Peroksaidi 4 na anisidini 12, kwa mfano, ni TOTOX 20, yanapita.

Muuzaji akikuonyesha peroksaidi peke yake, usiridhike. Mafuta yakizidi kuchakaa, peroksaidi zenyewe huvunjika na kugeuka vitu vingine, kwa hiyo namba hiyo hupanda kisha hushuka. Mafuta yaliyochacha zamani yanaweza kuonekana masafi kabisa kwa kipimo hicho. Dai namba zote mbili, na ziwe za toleo ("batch") lililopigwa muhuri kwenye chupa yako, si za chupa ya mwaka juzi. Baadhi ya kampuni hupeleka kila toleo kwa wapimaji huru kama IFOS wa Kanada, na ripoti zao husomwa mtandaoni kwa namba ya toleo. Chupa isiyo na namba ya toleo iache dukani.

Usipokuwa na karatasi, una pua. Kata kidonge kimoja kwa mkasi, nusa, weka tone kwenye ulimi. Mafuta mazima hunukia bahari kwa mbali na hayaachi uchungu. Yaliyochacha hunukia rangi ya ukutani, au mafuta yaliyokaangiwa samaki siku tatu mfululizo, na hukwaruza koo. Kucheua samaki mara moja moja ni kawaida, ila kukiwa kukali kila siku, kata kidonge uone. Ladha ya limau au machungwa hufunika harufu mbaya na pia huvuruga kipimo cha anisidini, kwa hiyo kwa chapa usiyoijua anza na yasiyotiwa ladha. Vidonge vyenye ganda linaloyeyukia kwenye utumbo navyo huficha mengi.

Kwa sisi wa joto la Dar es Salaam au Mombasa, swali la duka ni zito. Chupa iliyopangwa kwenye kioo cha mbele inapigwa na jua kila alasiri, na chini ya mabati yasiyo na dari joto ni lilelile. Tikisa chupa. Vidonge vikiwa vimegandana donge moja, vimepita kwenye joto au unyevu mahali fulani njiani. Hiyo haithibitishi kwamba mafuta yamechacha, lakini kwangu inatosha kutonunua.

Kuna onyesho linalopendwa na wauzaji wa mikutanoni: wanamimina mafuta kwenye kikombe cha povu, kikombe kinatoboka, wanasema hayo ni sumu. Kinachotokea ni kwamba mafuta yaliyokolezwa kwa umbo la kiwandani liitwalo "ethyl esters" huyeyusha plastiki ya aina hiyo. Umbo hilo hunyonywa vibaya tumboni mtupu, basi kimeze kidonge chake pamoja na mlo wenye mafuta. Mafuta yenye umbo la trigliseridi, kama yalivyo kwa samaki mwenyewe, hunyonywa vizuri zaidi, na kuyalipia kidogo zaidi ni sawa. Kikombe hakikuambii kama mafuta ni mabichi au yamechacha.

"Omega 3-6-9" mimi sinunui. Omega-6 tunayo tele kwenye mafuta ya alizeti, na omega-9 imo kwenye parachichi. Mafuta ya krili, vijikamba vya baharini, yale mekundu, ni mazuri lakini gramu yake kwa kawaida ni ghali mno. Mafuta ya ini la papa, jamaa ya sifa, yale mafuta yanayopakwa majahazi, kwa kawaida hayana omega-3 ya kutafutia. Kodi liva, yaani mafuta ya ini la samaki aitwaye "cod", ina vitamini A nyingi pamoja na D, kwa hiyo mjamzito asiitumie, na mtu mzima asipitishe mikrogramu 3,000 za vitamini A kwa siku akijumlisha vyanzo vyote. Asiyekula samaki ana mafuta ya mwani, yenye DHA halisi.

Ganda nalo lina maswali yake. Jelatini hutoka kwa ng'ombe, nguruwe au samaki, na lebo inayosema "gelatin" tu haijamjibu Mwislamu. Tafuta iliyotaja mnyama na yenye alama ya halali.

Nunua chupa ya kumalizika ndani ya miezi miwili, hata kama ile ya vidonge 300 inaonekana nafuu. Mafuta ya kumimina, yasiyo ya vidonge, yakifunguliwa yakae kwenye friji, kifuniko kikazwe kila baada ya kumimina.