Chupa ya Bibi

Leo nimerudisha chupa. Nesi wa tiba shufaa, ile ya kumpunguzia maumivu mgonjwa asiyetarajiwa kupona, aliiinua kwenye mwanga wa dirisha, akapima dawa iliyobaki, akaandika kwenye daftari, akanipa kalamu nisaini.

Mwezi uliopita Baba mkubwa aliapa kwamba chupa ile haitaingia nyumbani kwake. "Mofini ni dawa ya kummalizia mtu." Bibi ana miaka 84, kansa ya koo, uji haupiti, maji ni kwa kijiko. Tulikuwa tumeshamwekea mpira wa kulishia puani, na kila akiuchomoa anarudishiwa. Mara ya tatu tukamfunga mikono kitandani kwa khanga yake mwenyewe. Niliyefunga ni mimi. Nilikaza fundo, nikalilegeza, nikaogopa atauchomoa tena, nikalikaza. Akaniangalia: "Mume wangu, nimekukosea nini?"

Vikao vya familia tulikaa vinne. Tulijadili michango, gari, hospitali ya kansa ya Ocean Road, Dar es Salaam, au Nairobi. Hakuna aliyesema twende tukamuulize mwenyewe. Nadhani jibu tulikuwa nalo, ndiyo maana.

Aliyetutoa hofu ya chupa ni yule nesi. Alituambia ni unga wa mofini uliokorogwa kwenye maji, basi. Uganda wanaitumia tangu Dkt. Anne Merriman alipoanzisha hospisi yake, huduma ya wagonjwa wasiotarajiwa kupona, mwaka 1993, na tangu 2004 hata manesi waliosomea kazi hiyo wanaruhusiwa kisheria kumwandikia mgonjwa. Unaanza na kidogo, kila baada ya saa nne, na ya kulalia unaizidisha mara mbili ili usimwamshe mgonjwa usiku wa manane. Ikipimwa hivyo inaua maumivu, haiui mtu. Baba mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, akauliza moja tu: "Na mpira?"

"Mpira muulizeni mwenyewe."

Tukamuuliza. Akasema utoke.

Aliishi siku kumi na moja baada ya hapo. Pengine mpira ungemfikisha mwezi, na hesabu hiyo huwa naipiga usiku, siwezi kudanganya. Halafu nakumbuka lile fundo.

Usiku wa kwanza wa dawa alilala mpaka adhana ya alfajiri. Alipoamka aliuliza kama kuku wameshafunguliwa, kisha akataka chai ya tangawizi. Nikachovya pamba, nikampaka midomoni. Akailamba taratibu, akakunja uso.

"Haina sukari hii."